Celina Ametumika Kabla Hajapewa Chochote

Jumatatu asubuhi Siti Shaban alifagia wadudu wa ziwani waliokufa juu ya kompyuta, akavuta kamba ya jenereta huku akiisema vibaya kwa sauti ya chini, kisha akakaa na kuiamuru mashine ijenge programu ya mgao. Mashine ilifikiri kwa muda wa mtu kumenya ndizi. Halafu ikasimama na kuandika kwa herufi za kijani:

Onyo: Ephrasia ametangazwa lakini hatumiki.

Chini yake ikaongeza kwamba haitaendelea.

Siti hakushtuka. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na katika umri huo mfupi alikuwa amekwisha kuwa mtaalamu wa maonyo. Shule ya bweni aliyosoma ilimpa onyo la kwanza kwa kuivisha sanamu ya mwanzilishi sketi ya sare, onyo la pili kwa kuivua sketi hiyo mbele ya wageni, na onyo la mwisho kwa kuuliza ni lipi hasa lililokuwa kosa, kuvisha au kuvua. Kwa kuwa aliongoza darasa zima katika hisabati, akapewa pia onyo la mwisho kabisa, ambalo kanuni za shule hazikulitambua. Kwa hiyo alijua vizuri tofauti ya kosa na onyo. Kosa ni jambo lililokwisha kuharibika. Onyo ni mtu anayekuambia ungali na nafasi ya kusikia.

Ofisi ya Mradi ilikuwa katika duka la zamani la vitambaa la Jayantilal, kwenye barabara ya sokoni, Bukoba, na huo ulikuwa mwaka wa kumi tangu vita viishe. Bati bado lilikuwa na tundu lililotobolewa na kipande cha bomu. Jayantilal alisema kuziba ni kazi ya mpangaji, na Mradi ulisema haukuwa na fungu la matundu, hivyo mvua iliponyesha ilinyesha juu ya kiti cha wageni, na wageni waliambiwa wasogee kidogo.

Mradi ulikuwa na kazi moja tu, kugawa vitu kwa wagonjwa na wafiwa wa Muleba. Vitu vilikuwepo. Nyuma ya ofisi, katika ghala la Jayantilal, blanketi, maziwa ya unga, mashuka, sabuni na dawa za vidonda vya mdomo vilikuwa vimepangwa hadi darini. Ila hakuna aliyeruhusiwa kupewa hata kipande cha sabuni kabla kompyuta haijasema nani apate nini. Zamani vitu viligawiwa na watu, na watu hupendelea. Kompyuta haipendelei. Tangu iletwe, haikuwa imempendelea mtu yeyote.

Mtaalamu aliyeileta aliacha sheria moja kabla ya kupanda meli ya Mwanza. Alisema kompaila, ile programu inayochukua maandishi ya binadamu na kuyageuza kuwa kitu ambacho mashine inaweza kumeza, ilegezwe popote lakini si katika maonyo. Kila onyo lihesabiwe kuwa kosa. Likitokea moja tu, ujenzi usimame hadi litengenezwe. Ndivyo wafanyavyo watu makini, alisema, na kila mtu ofisini alikubali kwamba Mradi ulikuwa wa watu makini.

Programu yenyewe iliandikwa na Mujuni, kijana wa Buganguzi aliyekalia kiti kile kabla ya Siti. Programu huweka hesabu zake katika visanduku, na kila kisanduku lazima kiwe na jina. Watu wengine huviita x na y. Mujuni alikataa. "X ni nani?" aliuliza. "Kibanja chake kiko wapi?" Akavipa visanduku majina ya majirani zake. Ephrasia alitunza idadi ya watoto walioachwa. Buberwa alitunza umbali wa nyumba kutoka barabarani. Kisanduku kikubwa kuliko vyote, mahitaji ya kaya, ambacho kila hesabu ilizidishwa nacho, alikipa jina la mkewe, Celina. Kisha akayafasiri maonyo yote ya mashine kwa Kiswahili ili mratibu wa Mradi aweze kuyasoma, jambo ambalo mratibu hakumsamehe.

Mujuni alikufa kwa ule ugonjwa uliopewa jina la mashati ya magendo, Juliana. Kwa majuma machache baada ya maziko aliendelea kuja kazini, akikaa pembeni na kusahihisha nukta. Mratibu akamwandikia barua kwamba mkataba wake umefikia kikomo, naye akaacha kuja.

Mratibu huyo, Rutashobya, aliingia saa tatu akiwa amefunga tai.

"Imejengeka?"

"Bado, Ta Rutashobya," Siti alisema kwa heshima ya Kihaya. "Ephrasia hatumiki."

"Basi mtumie."

"Nimejaribu. Nikimwekea hesabu, haitoki."

Rutashobya alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena. Alhamisi wageni wa Mradi wangefika kutoka mbali kutazama mgao wa kwanza, na tayari alikuwa ameagiza mbuzi.

"Nenda Buganguzi ukathibitishe," alisema. Katika Mradi hakuna kitu kilichokuwepo kabla ya kuthibitishwa. Hata mvua ya kwenye kiti cha wageni ilikuwa ikisubiri.

Dereva, Mzee Mustapha, aliitoa Landrova, wakashika njia ya Muleba. Buganguzi waliyakuta majembe yameegemezwa ukutani nyumba hadi nyumba, kwa sababu watu hawalimi jirani akiwa msibani. Siku hizo majembe yalikuwa yameegemea kuta kwa muda mrefu kiasi kwamba wilaya ilikuwa imetoa agizo la kupunguza siku za matanga, maana nchi ingekufa njaa kwa adabu. Ephrasia alikuwa amezikwa Jumamosi kwenye kibanja chake, kati ya migomba miwili aliyoipanda mwenyewe. Siti alisimama pale, akasema maneno ya kuombea marehemu kwa taratibu za kwao, akaandika: imethibitishwa.

"Mashine ilijua," alimwambia Mustapha.

"Ingekosaje kujua?" Mustapha alisema. "Ametajwa humo kwa jina."

Nyumba iliyofuata ilikuwa ya Celina. Alikuwa amelala kwenye mkeka mlangoni, mwembamba, shuka limepita juu yake kana kwamba hapakuwa na mtu chini. Macho yake tu ndiyo yaliyokuwa hayajapungua.

"Shikamoo, Ma Celina," Siti alisema, akafungua daftari. "Nilikuwa naomba kuuliza..."

"Funga hilo. Kaa kwanza."

Celina alijivuta hadi kwenye kikapu kidogo chenye mfuniko, akawapa kila mmoja punje za akamwani, kahawa iliyokaushwa na maganda yake pamoja na viungo, ambayo mgeni wa Kihaya huitafuna kabla hajaulizwa kilichomleta. Walitafuna. Yeye hakutafuna. Mdomo wake ulikuwa na vidonda hadi kooni.

"Mume wangu aliifundisha mashine yenu hivyohivyo," alisema. "Alikuwa akirudi jioni, anakaa hapo ulipo, anasema, Celina, leo nimeifunza adabu. Haimtumii mtu kabla hajapewa. Nikamwambia, wewe mwanaume, umekosa la kufanya. Kumbe alikuwa anawajua wenzake."

"Ametufundisha vizuri, Ma."

"Mashine. Nyinyi bado." Akakohoa, akangoja, akaendelea. "Mmenipiga picha, nimo kwenye kalenda yenu. Mmechukua maneno yangu, yamo kwenye kitabu. Mmechukua damu mara ngapi sijui, na majibu yangu sijaambiwa hadi leo. Kuna mmoja alikuja na kaseti, akarekodi kikohozi. Akasema kohoa tena, Mama, ile ya kwanza gari lilipita. Nikakohoa. Sasa, mwanangu, umeniletea nini?"

Siti alimeza punje aliyokuwa akiitafuna.

"Nimekuja kuthibitisha Ma Ephrasia."

"Ameshathibitika. Nenda ukamwone, hatoroki."

Mustapha alicheka, na Celina akacheka, na kucheka kukamgharimu. Alipotulia alisema kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi: "Ninachotaka ni ile dawa ya mdomo na maziwa. Simezi hata uji. Dawa mnayo. Mujuni aliishusha garini kwa mikono yake, akaja kunieleza lilivyo boksi. La bluu. Nikiweza kumeza, nitakaa kidogo. Nisipoweza, sitakaa. Hesabu yake si ngumu."

"Alhamisi," Siti alisema. "Alhamisi utaipata, Ma. Programu ikijengeka."

Jumanne alimwondoa Ephrasia katika programu. Alimfuta taratibu, mstari mmoja mmoja, na kwa muda kilio kilisikika kutoka ndani ya mashine, kama cha watu walio nyumba ya pili. Kisha akaijenga upya. Mashine ilifika mbali kuliko jana. Halafu ikasimama.

Onyo: Celina ametumika kabla hajapewa chochote.

Siti alisoma, akasimama, akagonga mlango wa Rutashobya na kuingia bila kusubiri.

"Inataka Celina apewe."

"Atapewa. Programu ikijengeka, ghala litafunguliwa."

"Haijengeki mpaka apewe."

"Na hawezi kupewa mpaka ijengeke," Rutashobya alisema kwa upole, kama mwalimu anayerudia kwa mtoto mzito. "Ndiyo utaratibu."

"Ta Rutashobya, ghala liko hapo. Kutoka kiti chako mpaka boksi la bluu ni mbali kuliko kutoka hapa mpaka chooni? Mwanamke hamezi uji. Mmemweka kwenye kalenda, mmemweka kwenye kitabu, kikohozi chake kimepanda ndege kabla yake. Mpe boksi moja."

"Nikimpa mmoja nje ya kompyuta, huo ni upendeleo."

"Basi pendelea!"

Neno hilo lilisikika hadi barabarani. Mwanamke aliyekuwa akipita na mkungu kichwani alisimama, akaona si lake, akaendelea. Rutashobya alichukua karatasi.

"Binti Shaban," alisema, "hili ni onyo la kwanza."

"Umetaja jina langu," Siti alisema, "na bado hujanipa chochote. Angalia lisikusimamishe."

Ghala lilikuwa na makufuli mawili. Ufunguo mmoja alikuwa nao Rutashobya, mwingine Jayantilal, ambaye duka lake sasa lilikuwa chumba kimoja cha pembeni chenye betri za tochi, majani ya chai na picha ya binti yake Indumati aliyehamia ng'ambo. Siti alimkuta akipanga viberiti.

"Baba Jayantilal, fungua lako."

Mzee alimtazama, akatoka na ufunguo bila kuuliza, akafungua kufuli lake na kulitia mfukoni. La pili lilibaki likining'inia. Wote wawili walilitazama.

"Mwaka wa vita," Jayantilal alisema, "redio ilionya kabla ndege hazijaja. Bwana mmoja akapita madukani, amevaa vizuri sana. Akasema zimeni redio, zinatia wateja hofu. Tukazima. Wateja hawakuwa na hofu tena. Ndege zikaja." Alinyoosha kidole kuelekea tundu la bati. "Lile nililoliacha pale ni kumbukumbu. Huyo bosi wako anadhani ni ubahili."

Alirudi ndani, akatoa kopo la maziwa kwenye rafu yake mwenyewe na kumkabidhi Mustapha, aliyekuwa ameanza kuwasha gari kabla hajaombwa. Siti alirudi kwenye mashine, akasubiri hadi alipokisia kuwa kopo limefika, akajenga tena. Mashine ilikuwa imebadili maneno.

Onyo: aliyempa Celina siye anayemtumia.

Ikakaa palepale.

Jumatano kila kitu kilichomtumia Celina kiligoma. Mashine ya kurudufu ilisaga vizuri hadi ukurasa wenye maneno yake, ikatema karatasi nyeupe. Jalada la ripoti ya wageni lilitoka na mlango, mkeka na kikapu, bila mtu. Katika kalenda ya ukutani, ambako Celina alikuwa akitabasamu juu ya miezi yote kumi na miwili, tabasamu lilikuwa limekwisha, na mkono wake wa kulia ulikuwa umenyooka mbele, kiganja juu. Wakati wa kikao cha maandalizi kalenda ilikohoa.

"Fungeni dirisha," Rutashobya alisema. "Vumbi."

Dirisha lilifungwa. Kalenda ikakohoa tena. Mhasibu alisogeza kiti chake kwa heshima, kama mtu anavyompisha mgonjwa, na ajenda ikaendelea hadi kwenye mbuzi.

Baada ya kikao Rutashobya alikwenda kwenye simu ya upepo kumtafuta mtaalamu Dar es Salaam. Siti alisimama nyuma yake. Sauti ilikuja imekwaruzwa, lakini ilikuwa ya mtu aliyelala vizuri.

"Si tatizo kubwa," ilisema. "Kompaila haijali amepewa nini. Inajali tu kwamba amepewa. Mpeni thamani ya kuanzia. Yoyote. Sifuri inatosha. Mmenipata?"

"Tumekupata," Rutashobya alisema, na uso wake ukakunjuka kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Akamgeukia Siti. "Umesikia. Mpe sifuri."

"Hapana."

"Ni thamani."

"Ni sifuri."

"Sifuri ni thamani, binti. Wewe si ulikuwa wa kwanza katika hisabati?"

"Nilikuwa wa kwanza, ndiyo maana najua. Ta, kila hesabu ya programu inazidishwa na Celina. Hicho ndicho kisanduku cha mahitaji. Ukimpa yeye sifuri umewapa wote sifuri, Muleba nzima, hadi wavuvi wa Bumbire. Mujuni alimweka hapo makusudi. Ili mtu yeyote akitaka kuwagawia hawa watu, apite kwanza kwa mke wake, apige hodi, atafune kahawa, aone. Onyo hilo halijaharibika. Hilo onyo ndilo kitu pekee kinachofanya kazi katika ofisi hii!" Sauti ilimtoka ikiwa na machozi, na hasira zikamzidi kwa sababu ya machozi. "Amekwambia kwa Kiswahili! Kwa Kiswahili, ili usome! Boksi la bluu!"

Rutashobya alisubiri amalize. Kisha akamwandikia onyo la pili na la mwisho katika karatasi moja, ili kuokoa karatasi, akamwomba apishe, na akakaa kwenye kiti cha Mujuni yeye mwenyewe.

Alichapa kwa kidole kimoja. Alitafuta herufi za Celina moja baada ya nyingine, akiinamia vitufe kama mtu anayechambua mchele. Mwishowe akaandika herufi O. Mashine ikamwambia kwamba haimfahamu mtu yeyote wa jina hilo.

"Sifuri iko wapi?" aliuliza bila kugeuka.

Mhasibu alitazama viatu vyake. Rutashobya akaipata peke yake, mwisho wa mstari, baada ya tisa.

Programu ilijengeka bila onyo hata moja. Ilikuwa kimya sana hata jenereta ilisikika kama iko ndani ya chumba. Kisha printa ikaanza kuchapa mgao wa Muleba, kijiji kwa kijiji, na mbele ya kila jina palikuwa na duara.

Rutashobya aliusoma wote kwa makini, ukurasa kwa ukurasa.

"Angalau," alisema, "hakuna aliyependelewa."

Alhamisi asubuhi alifungua kufuli lake. Blanketi na maboksi yalikuwa palepale, na mbele yake, karibu na mlango, sifuri zilikuwa zimepangwa tayari kwa kusafirishwa. Zilikuwa za rangi ya kijani kama maandishi ya kompyuta, nyepesi, kubwa kiasi cha ringi ya baiskeli, na katikati hazikuwa na kitu. Mustapha alizipakia kwenye Landrova akazifunga kwa kamba, maana zilipenda kubingirika. Zile za Bumbire zilikwenda kwa boti, na mvuvi mmoja aliyeangushiwa yake majini alisema ilielea vizuri kuliko lile boya alilokuwa nalo.

"Nimebeba vitu vingi kwa gari hili," Mustapha alimwambia Siti, aliyepanda bila ruhusa na kukaa nyuma kati ya sifuri. "Askari nimebeba. Majeneza nimebeba, hadi nimezoea namna yanavyokaa. Hivi ndivyo vyepesi kuliko vyote, na gari linapanda mlima kwa shida."

Wageni walifuata nyuma kwa magari mawili. Buganguzi walipokewa na Celina mwenyewe, amekalishwa mlangoni, ameegemezwa mto mgongoni. Kabla hawajafungua mikoba aliwapitishia kikapu cha akamwani. Wengine walitafuna, wengine walitia mfukoni, mmoja alitema nyuma ya mgomba. Celina aliona.

Rutashobya alitoa hotuba fupi. Kisha akainyanyua sifuri kwa mikono miwili na kumkabidhi, na Celina, aliyelelewa vizuri, aliipokea kwa mikono miwili. Kamera zikalia. Aliishika mbele ya uso wake, akawatazama kupitia katikati yake mmoja mmoja, akafika kwa mratibu na kukaa hapo kwa muda.

"Mawe," alisema kwa mshangao wa Kihaya. "Ta Rutashobya, humu unaenea mzima."

Aliyekuwa akifasiri aliwaambia wageni kwamba mama anashukuru.

Siti alikuwa ameficha boksi la bluu chini ya gauni. Alikuwa ameliiba asubuhi, ghala lilipokuwa wazi, kwa ustadi uleule uliomfaa kwa sanamu ya mwanzilishi. Wageni walipokwenda kwa mbuzi alipiga magoti, akalifungua, akatoa chupa, na kumwekea Celina tone kwenye ulimi. Tone halikushuka. Lilikaa juu ya ulimi kama maji juu ya jani la mgomba, kisha likatoweka hewani. Akaweka jingine. Nalo likawa hivyo.

"Acha, mwanangu," Celina alisema. "Nimeshapewa. Wameandika."

"Sitaacha."

"Najua. Mujuni naye alikuwa hivyo. Ndiyo maana mnafukuzwa." Aliushika mkono wa Siti wenye chupa, akaushusha taratibu hadi chini. "Haya. Chukua hizi, uwe unatafuna ukifanya kazi yao." Akamjazia punje za kahawa mfukoni, zilizobaki zote, akakifunika kikapu.

Majirani waliifanya sifuri yake kuwa ngata. Ilikaa vizuri kichwani, na kwa siku zilizobaki walimletea maji wakiwa wameivaa. Maji aliyaangalia.

Barua ya kumwachisha Siti kazi ilitiwa sahihi Ijumaa. Jumatatu aliitwa tena, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeweza kuiwasha jenereta, na Rutashobya alimweleza kwamba onyo la mwisho litaendelea kuwepo, ila litasomeka kama la kwanza. Siti alifagia wadudu wa ziwani, akavuta kamba, akakaa. Wageni walikuwa wamefurahi, na mgao wa pili ulitakiwa upesi. Akaiamuru mashine ijenge.

Mashine ilichukua muda mrefu kuliko kawaida. Halafu ikaandika:

Onyo: Celina amepewa thamani ambayo haikutumika kamwe.

Hakuhitaji kwenda Buganguzi kuthibitisha. Alijua majembe yalikuwa yameegemea kuta kwa msiba wa nani. Alikaa palepale hadi Rutashobya alipokuja kusimama nyuma yake na kusoma, midomo ikicheza.

"Hilo ni kosa," aliuliza, "au ni onyo?"

"Ni onyo."

"Basi si kosa." Alivuta kutoka mfukoni ujumbe wa simu ya upepo uliokunjwa vizuri. Mtaalamu alikuwa amefikiri tena, na sasa alishauri ile sheria yake ya zamani ilegezwe. Maonyo yaendelee kutolewa, kwa ajili ya kumbukumbu, lakini yasisimamishe kitu. Ndivyo wafanyavyo watu makini wanapokuwa na kazi nyingi. "Ilegeze, halafu bonyeza."

Siti hakuilegeza, wala hakubonyeza. Alisimama, akaenda kwenye kalenda, akatoa mfukoni punje moja ya akamwani na kuiweka kwenye kiganja cha Celina kilichonyooka. Kiganja kikafumba, kikaenda mdomoni, kikarudi mahali pake kikiwa wazi.

Nyuma yake alisikia kiti kikilia, halafu kidole kimoja kikitafuta njia juu ya vitufe. Rutashobya hakuuliza kitu safari hii. Alikuwa amekwisha kujifunza kila kitu kilipo. Onyo lilipita juu ya skrini, likapanda, likafuatwa na la Buberwa na mengine ambayo hayakusubiriwa kusomwa, na programu ikajengeka.

Printa ilianza kuchapa maduara. Ukutani Celina alitafuna kahawa yake polepole, mkono ukiwa bado umenyooka.